Mgeni Hucheza Nyeusi

Baba mkwe wake alikuwa mpole kwake, na upole huo ndio uliokuwa ukimtafuna. Angetukanwa angelala usingizi. Angeambiwa mara moja tu, "Wewe bwana una kichwa kigumu," angerudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima. Lakini wapi! Tangu aoe, kila Jumapili mchana mzee humpokea mlangoni kwa mikono miwili, humwuliza habari za kazi, humkalisha, humchezesha chesi, na hata pale anapofanya upuuzi wa kutia aibu ubaoni, humwambia kwa sauti ile ya kumpa mtu pole ya msiba, "Umecheza vizuri sana, mgeni wetu."

Mgeni wetu! Mtu ana watoto wawili na binti wa nyumba hiyo, anajua mlango upi hukwama mvua zikianza na koki ipi haifungi mpaka ukaze meno, na bado ni mgeni.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mihuri. Alichonga maneno kwenye mpira kwa kisu chembamba, herufi zikiwa zimegeuka, ili zikigongwa kwenye karatasi zitoke sawa. Kwa ajili hiyo watu wa mtaa wa dukani kwake walimwita Kinyume, naye aliitika bila ubishi. Alikuwa mtu makini, wa taratibu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kuchagua. Mkewe alipenda kusimulia jinsi alivyomtuma kununua pazia. Akasimama dukani kati ya mapazia mawili, moja la rangi ya maziwa na jingine la rangi ya maziwa vilevile, akayalinganisha, akayapeleka mlangoni kwenye mwanga, akayarudisha, mpaka akaja mteja mwingine akayanunua yote mawili.

Mkwewe alikuwa dereva wa treni mstaafu. Mtu aliyekula maisha yake juu ya reli hana habari na kukata kona, na ubaoni alikuwa vivyo hivyo. Hatua zake za kwanza zilikuwa zile zile kila wiki, kwa mpangilio ule ule, na kila kete akiisogeza huiminya kidogo ubaoni kama anayehakikisha imefika kituoni. Alikuwa na wana wawili wa kiume, mkubwa fundi wa magari na mdogo fundi wa kupaka rangi, na kwa hao wawili alikuwa mtu mwingine kabisa. Akicheza nao, nyumba ilitikisika.

"Ondoa mkono huo! Nani alikufundisha kumwacha farasi peke yake huko? Una akili wewe, au zimebaki kwenye hizo injini?"

"Baba, nilikuwa natega."

"Unatega! Umejitega mwenyewe, mjinga we!"

Mwana hucheka, hubisha, mzee hupiga meza, na ugomvi hunoga mpaka mama mkwe achungulie kutoka jikoni awaombe wawahurumie majirani. Kinyume huwa ameketi pembeni na kikombe chake chenye kisahani. Wenzake hunywea vikombe vya bati. Huwatazama na kujichekesha, na ndani ya moyo wake huona wivu ambao mtu mzima mwenye mvi mbili tatu hawezi kumweleza mtu yeyote, hata mkewe.

Hata zile kete nyeusi alizipata kwa sababu ya adabu. Ubao wa mzee ulikuwa umechorwa juu ya meza yenyewe, meza nzito isiyogeuzwa. Upande wa ukutani kulikuwa na kigoda kigumu, na hapo ndipo kete nyeupe zilipopangwa. Upande wa dirishani kulikuwa na kiti kipana chenye mito, kiti cha wageni, na mbele yake zilikaa nyeusi. Wana wa nyumba walikuwa wakichagua rangi kwa kufichiana askari, zile kete ndogo, ngumini, na aliyeangukia nyeupe akakalia kigoda. Lakini mkwe? Mkwe akalie kigoda? Siku moja, mwaka ule wa kwanza, Kinyume alijaribu kusogea upande wa ukutani, na mzee alimshika bega kwa upole akamrudisha kwenye mito. "Mgeni haketi pagumu nyumbani kwangu," akasema. Basi ikawa hivyo. Miaka yote amecheza Nyeusi kwa sababu ya mto.

Kilichomwaga maji kikombeni ni Jumapili moja alipotangulia kufika. Sebuleni mzee na wanawe walikuwa wakibishana kuhusu vile vyumba viwili vya uani: wavikarabati wapangishe, au wavibomoe. Sauti zilikuwa juu, kila mtu ana lake. Kinyume alikuwa na la kusema, kwa sababu msingi wa vyumba vile aliwahi kuukagua kwa macho yake alipokuwa akitafuta mpira wa mtoto. Akafungua mdomo. Mzee akamwona, akanyanyua mkono, na wote wakanyamaza.

"Basi, tuyaache," mzee akasema. "Tusimchoshe mgeni na mambo ya nyumbani."

Akaletewa kikombe na kisahani. Siku hiyo chai haikushuka.

Akakata shauri: atamfunga. Si sare, sare alikuwa nazo tele, na kila sare ilimletea pongezi mpya za kinafiki. Alitaka kumfunga mzee waziwazi, juu ya meza ile ile, wanawe wakitazama, kwa sababu alijiaminisha kwamba huwezi kuendelea kumbembeleza mtu aliyekupiga kwako. Atakukasirikia, na akikukasirikia umeshaingia ndani. Ndiyo hesabu aliyoipiga. Huenda haikuwa hesabu ya maana sana, lakini ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Sasa tatizo likawa njia.

Katika chesi Nyeupe huanza na Nyeusi hujibu. Mzee alianza daima kwa kumtoa askari wa mfalme hatua mbili. Kinyume alijibu kwa askari wake hatua moja tu, kwa adabu. Mzee akaleta askari wa pili ubavuni mwa yule wa kwanza, Kinyume akamkabili na wa kwake, na hapo mzee, bila kufikiri, akamsukuma askari wa kwanza mbele tena, akampita adui begani, akapiga kambi katikati ya ubao. Treni imeondoka. Kutoka hapo mambo yalijulikana kwa hatua chache, kisha ikafika ile hatua ambapo Nyeusi lazima aamue atakuwa mtu wa aina gani.

Njia zilikuwa tatu, na Kinyume alizipa majina. Ya kwanza aliita Malkia: unamtoa malkia mapema, anakaa pembeni na kuwakodolea macho askari wawili wa Nyeupe kwa mpigo. Ni njia ya moto. Unaweza kushinda, na unaweza kuona malkia wako akifukuzwa ubao mzima kama kibaka sokoni. Ya pili ni Askofu: unamsogeza askofu hatua moja, unatulia, unajipanga. Njia nzuri, njia ya watu wazima, na mwisho wake karibu kila mara ni sare. Ya tatu, Farasi, inampeleka farasi ukingoni mahali ambapo kila anayemwona huuliza anakwenda wapi.

Jumatatu alichagua Malkia. Jumanne akagundua pale ambapo malkia anakwama, akahamia Askofu. Jioni yake akamchukia askofu. Jumatano alianza kumpenda farasi, na mtu akishafika hapo ujue hali ni mbaya. Kitabu alichokuwa akijifunzia kililegea mgongo kwa kufunguliwa, na kila ukurasa ulikuwa na neno la kumvunja moyo: "Nyeusi anaweza pia." Anaweza pia! Mtu anatafuta pa kukanyaga, kitabu kinamwonyesha pengine pa kukanyaga.

Asubuhi ya Alhamisi mkewe, aliyekuwa mpokezi kwenye zahanati na aliyetakiwa kuwahi zamu, alimkuta mezani, mkate haujaguswa, chupa ya chumvi na vifuniko vya soda vimepangwa kama kete.

"Umeamka, au hukulala?"

"Nimeamka."

"Macho yako yanasema hukulala."

"Nikimtoa malkia, baba yako atamkimbiza."

"Basi usimtoe."

"Nisipomtoa tunakwenda sare."

"Basi mtoe!"

"Wewe huoni ugumu wake."

"Ugumu ninauona sana. Umeketi mbele yangu na shati umelivaa ndani nje."

Akajitazama. Kweli. Akalivua pale pale, akaligeuza, akalivaa tena huku anaendelea kutazama kifuniko cha soda kilichokuwa farasi. Mkewe akacheka, kisha akaacha kucheka. Akavuta kiti.

"Mume wangu, kwani sare ina ubaya gani? Baba anakupenda."

"Baba yako ananikaribisha. Hilo ni jambo jingine."

Mkewe aliinuka. Alimgusa shingoni, akachukua mkoba, akaenda kazini na uso wa mtu anayebeba kitu ambacho hajui akitue wapi. Kinyume hakuuona uso huo. Laiti angeuona, angemwomba kwa magoti asiutue mzigo ule mahali alipoutua.

Siku hiyo hiyo dukani yakatokea ya kutokea. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la maofisi, nusu yake mihuri, nusu nyingine mashine ya fotokopi ya jirani yake, mtu mnene mwenye maoni juu ya kila kitu. Jirani huyo hakujua chesi hata kidogo, na hilo halikumzuia.

"Hizo njia zako, ipi fupi?"

"Malkia."

"Cheza hiyo. Mimi nina kazi hapa, nimechoka kukusikia ukihema."

Kinyume alikuwa akichonga muhuri wa karani wa shule ya udereva, neno moja tu, IMEPOKELEWA, na mahali pa tarehe. Neno hilo amelichonga maisha yake yote. Angeweza kulichonga umeme umekatika. Alichonga, akapuliza vumbi la mpira, akagundisha kwenye mti, na karani alipokuja mchana, mwanamke mrefu asiye na muda wa kupoteza, akaugonga kwenye karatasi ya majaribio ili amwonyeshe.

Wote watatu wakaitazama karatasi. Neno lilikuwa limetoka kinyumenyume, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Fundi," karani akasema, "barua zangu nitakuwa nazipokea mbele ya kioo?"

Jirani wa fotokopi akashika mashine asianguke kwa kicheko. "Jamani! Kinyume leo kachonga sawasawa!"

Alielewa papo hapo ilivyotokea, na kuelewa kulimuudhi zaidi. Michoro yote ya kile kitabu ilichorwa kwa macho ya Nyeupe. Yeye wa Nyeusi ilibidi kila mchoro augeuze kichwani, wa kulia aende kushoto, wa chini aende juu. Wiki nzima kichwa kilikuwa kinageuza. Kilipoletewa neno la kugeuza, kikaligeuza kwa mazoea ya kazi, kisha kikaligeuza tena kwa mazoea ya chesi, na kitu ukikigeuza mara mbili kinarudi kilipotoka. Fundi mwingine yeyote angeweza kukosea herufi. Kukosea kwa kuandika vizuri, hilo lilimtaka yeye.

Alichonga mwingine karani akisubiri kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni. Masikio yalimwaka moto. Na katika ule moto, kisu kikiwa mkononi, akaamua. Malkia. Hakuna tena askofu, hakuna farasi, hakuna "anaweza pia". Ijumaa na Jumamosi alijifunza njia moja tu, akaifuata mpaka vichochoroni, akajua kila mahali mzee anaweza kupita na kila mahali pa kumvizia. Jumapili asubuhi alinyoa ndevu akiimba. Mkewe alimsikia na akatabasamu kwa namna ya mtu aliyefanya jambo jema kimyakimya.

Walifika mchana. Mzee akampokea mlangoni kwa mikono miwili. Shemeji mkubwa, yule fundi wa magari, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, kucha zina mafuta ya gari hata Jumapili, akainua nyusi kumsalimu. Watoto wakakimbilia uani. Mkewe akaingia jikoni kwa mama yake. Kinyume akawekwa kwenye mito, kikombe na kisahani vikatua kuliani kwake.

Mzee akatoa askari wa mfalme. Hatua mbili.

Kinyume, askari wake. Hatua moja.

Mzee akaleta wa pili ubavuni. Kinyume akamkabili.  Sasa kitakachofuata ni ule msukumo, treni iondoke. Alishaanza kuufikiria mkono wake ukimfikia malkia.

Mzee akanyoosha mkono, akasita, akamtazama Kinyume kwa huruma kubwa, akamla askari.

Akamla! Badala ya kumpita, alimla tu, akamweka pembeni ya ubao. Kinyume hakuwa na la kufanya ila kumla aliyekula. Na papo hapo, katika hatua ya tatu ya mchezo aliougua wiki nzima, katikati ya ubao pakawa peupe, pande mbili zinafanana kama viatu vya jozi moja, na malkia wake na vichochoro vyake vyote vikafa kifo cha kawaida. Huo ndio mchezo mkavu kuliko yote duniani. Watu huucheza wakitaka kwenda nyumbani mapema.

Akatamani kulia. Mtu mzima, mchana kweupe, kwenye kiti cha mito. Kwa nini leo? Maisha yote mzee huyu hajawahi kubadili reli, kwa nini leo?

Akacheza kwa sababu mikono ilikuwepo. Farasi walitoka, maaskofu walitoka, wakaliwa. Malkia wote wawili wakabadilishwa, na alipomwondoa wa kwake ubaoni hakutaka hata kumtazama. Zikabaki ngome, askari, na wafalme wawili waliojificha nyuma ya askari wao. Lakini hasira ina kazi yake. Kwa kuwa hakuwa tena na cha kukumbuka, alianza kuona. Ngome yake moja ilikuwa imekaa vizuri kuliko za mzee. Askari mmoja wa Nyeupe, ukingoni kabisa, alikuwa hana mlinzi. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwepo.

Hapo ndipo mzee alipoegemea nyuma, akafuta miwani kwa shati, na kusema kwa sauti yake ya pole:

"Tuseme sare, mgeni wetu?"

Kinyume akanyanyua macho.

"Binti yangu ameniambia," mzee akaendelea, akiinamisha kichwa kidogo, kwa siri ya hisani. "Amesema hulali. Amesema hata muhuri wa watu umetoka vibaya, kwa ajili ya huyu askari wangu ninayemsukuma. Nikasema hapana, haifai. Mtu asiumie kwa sababu ya nyumba yangu. Ndiyo maana leo nimekuchagulia njia nyepesi. Tuseme sare, tunywe chai."

Kwenye mlango wa jikoni mkewe alikuwa amesimama na sinia, anatazama, na uso wake ulikuwa na matumaini yote ya dunia.

Kinyume aliona giza. Yaani alichaguliwa njia! Ameshindwa kuchagua wiki nzima, mtu mwingine amemchagulia kwa kumwonea huruma! Alimkasirikia mkewe, akamkasirikia mzee, akaukasirikia mto uliokuwa chini yake. Katika nyumba ile alikuwa hajawahi kukataa kitu. Alikubali chai ya pili na ya tatu, alikubali zawadi za mashati yasiyomtosha, alikubali kila sare.

"Hapana, Baba," akasema.

Simu ya shemeji ikashuka kifuani.

"Hapana?" mzee akauliza, kama aliyeambiwa neno la lugha ngeni.

"Hapana. Sikuja kubembelezwa. Nimekuja kukufunga. Tucheze."

 Sinia jikoni likatua mahali kwa mlio. Mzee akavaa miwani polepole, akavuta kigoda mpaka tumbo likagusa meza, na kitu fulani usoni mwake, ile nta ya ukarimu aliyojipaka kwa ajili ya mkwe wake tangu siku ya posa, kikaanza kupasuka. Akasogeza ngome kwa nguvu. Ikalia.

Zamu ya Kinyume. Njia zilikuwa mbili. Angeweza kumsogeza askari mmoja aliye mbele ya mfalme wake, hatua moja, ili mfalme apate pa kutokea, kisha aendelee kumkaba mzee taratibu. Au angeweza kuichukua ngome yake kutoka mstari wa nyuma, aipeleke mbio ukingoni, amle yule askari asiye na mlinzi. Siku nyingine yoyote angekaa hapo akipima mpaka chai ipoe, ipashwe moto, ipoe tena. Leo alikuwa amechoka kupima. Akaichukua ngome, akamla askari, akamtupa kwenye kisahani cha kikombe.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuchagua haraka.

Mzee akatazama ubao. Akatazama tena. Akaishika ngome yake, akaitelezesha moja kwa moja hadi mstari wa nyuma wa Nyeusi, mahali ambapo sasa hapakuwa na mlinzi, na kuiminya hapo. Mfalme wa Kinyume alikuwa amebanwa nyuma ya askari wake watatu, hana mbele wala pembeni.

"Mati. Umefungwa."

Basi. Kinyume aliutazama ubao huku damu ikimwishia usoni. Akaisubiri ile sentensi. Alijua itakavyokuja, hata pumzi itakayotangulia. Umecheza vizuri sana. Akajikaza aipokee.

Mzee akapiga meza kwa kiganja, kete zikaruka.

"Mjinga!"

Kinyume alishtuka.

"Mjinga wa kupindukia! Ulikuwa umeshanishika! Umenikaba hapa, kooni, nimekaa natafuta pa kutokea sipaoni, wewe unaondoka mlangoni kwenda kuokota kiaskari! Cha nini? Utakila? Mfalme umemfungia ndani, hana hata dirisha! Askari mmoja, hatua moja, mtu apumue! Niwaambie mara ngapi nyinyi?"

Kwenye kochi shemeji akainuka nusu. "Mimi tena nimefanya nini?"

"Wewe nyamaza, wewe ndiye wa kwanza! Wewe, na mdogo wako, na huyu! Wote mnamfungia mfalme ndani! Nimezaa mbumbumbu watatu mimi!"

"Baba, umezaa wawili."

"Usinihesabie! Najua nilichosema!"

Kinyume alisikia. Alilisikia lile "nyinyi" likimwangukia pamoja na wengine, akaisikia ile hesabu, na kitu kikamlegea kifuani. Alifurahi. Alifurahi vibaya sana, na wakati huo huo alikuwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo, kwa sababu alikuwa amefungwa, na mchezo ulikuwa wake, na mwenye makosa alikuwa ameketi mbele yake.

"Wewe ndiye uliyeharibu!" akapiga kelele, na sauti ilimshangaza mwenyewe. "Wiki nzima nimeandaa malkia! Wiki nzima! Ungemsukuma yule askari kama siku zote, ungeona!"

"Malkia gani?"

"Wa kumtoa mapema!"

"Mapema? Kwangu mimi? Ningemfukuza mpaka aombe maji!"

"Ungemfukuza na nini?"

"Na farasi!"

"Farasi gani, wakati anatakiwa kulinda katikati? Ungemfukuza na kigoda?"

"Unanibishia?" Mzee alikuwa amesimama. Shingo yote ilikuwa mishipa mitupu. "Unanibishia kwenye meza yangu? Panga! Panga kete sasa hivi!"

Wakapanga, wanagongana vidole, kila mmoja akirudisha vibaya kete za mwenzake. Mama mkwe akatokea mlangoni na mwiko.

"Nyinyi wanaume, majirani!"

Hakuna aliyegeuka. Nyuma yake alikuwepo mkewe, mkono mdomoni, hajui acheke au alie, na alipouliza kwa sauti ndogo kama chai iletwe, shemeji ndiye aliyemjibu, akamwambia aache kwanza, hawa hawasikii.

Mzee akacheza hatua zake za kwanza kwa haraka, Kinyume akajibu kwa haraka. Ikafika ile hatua. Mzee akamsukuma askari mbele, akampita adui begani, akamkandamiza ubaoni.

"Haya, nimesukuma. Nimesukuma! Endelea, tufike huko kwa malkia wako, mpumbavu wewe, tumuone."

Wakafika. Kinyume akamtoa malkia.

Mzee akainama juu ya ubao. Akamtazama malkia, akawatazama askari wake wawili waliokodolewa macho kwa mpigo, akamtazama farasi aliyekuwa amemtegemea. Akakuna kidevu. Akanyoosha mkono kwa farasi, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha.

"Sasa hapo," akasema mwishowe, kwa uchungu mkubwa, "hapo umeniudhi."